Bunduki ya risasi moja si gobore, na mafundi wa vitako wapewe nafasi yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nichangie mjadala ulioanzishwa na makala ya gazeti lako kuhusu silaha za uwindaji katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwandishi wa makala hiyo aliandika kwa uchungu juu ya ujangili, na kwa hilo ninamuunga mkono kwa moyo wote. Lakini alipofika kwenye bunduki zinazopakiwa risasi moja moja, alizihesabu zote kuwa magobore, akashauri zikusanywe na kuteketezwa bila kubagua, na akaongeza kwamba mtu anayetaka kuundiwa bunduki ya aina hiyo kwa mtindo wa kale hana nia njema. Mimi ni mwindaji mwenye leseni, mkazi wa Nyegezi, na bunduki yangu ya risasi moja wakati huu iko katika karakana yenye kibali, ikivalishwa kitako kipya, yaani mbao ya nyuma inayoegemea begani, na fundi seremala aliyejifunzia kazi hapa hapa Mwanza chini ya jicho la mwenye karakana. Ninaandika kwa sababu naamini kazi hiyo ya mbao ni ufundi halali na wenye hadhi, mafundi wetu wanauweza, na unastahili kufundishwa na kupewa leseni yake.

Nianze na gobore, kwa kuwa hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Gobore hupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti hutangulia, kikafuata kitambaa, kisha gololi au vipande vya nondo, na vyote hushindiliwa kwa ufito wa chuma. Mtutu wake mara nyingi ni bomba lililokusudiwa kazi nyingine kabisa, ambalo hakuna aliyewahi kulipima kama litahimili nguvu ya baruti, na ndiyo maana magobore hupasuka na kumjeruhi anayeyafyatua. Bunduki ninayoizungumzia hupakiwa kwa nyuma, kwa risasi kamili yenye ganda lake. Ndani ya mtutu kumechongwa mifereji inayoizungusha risasi ili iende bila kuyumba. Na kabla ya kuuzwa hupitishwa katika nyumba ya majaribio. Chama cha watengeneza bunduki wa London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1813. Huko bunduki hufyatuliwa kwa shindo kubwa kuliko lile itakalolibeba katika kazi yake ya kawaida, na ikitoka bila ufa wala kutanuka hupigwa mhuri kwenye chuma chake. Mhuri huo ndio ninaomwonesha kwanza kila anayeniuliza kama silaha yangu ni salama.

Historia yake nayo ni ya heshima. Friedrich von Martini, aliyefanya kazi Uswisi, aliuboresha mtambo wa kufungua na kufunga nyuma ya mtutu uliobuniwa na Mmarekani Henry Peabody mwaka 1862, na jeshi la Uingereza likaipokea bunduki ya Martini-Henry mwaka 1871. Mwaka uliofuata Mskoti John Farquharson alipata hataza ya mtambo ambao wapenzi wengi wa bunduki hizi, nami nikiwemo, tunauona kuwa mzuri kuliko yote iliyoutangulia na mingi iliyoufuata, na George Gibbs wa Bristol ndiye aliyeupa sifa. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, aliwinda kwa bunduki za Gibbs zenye mtambo huo. Kaburi lake liko Beho Beho, jirani na mahali alipouawa tarehe 4 Januari 1917, katika eneo lililopewa jina lake mwaka 1922 na ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kule Marekani, John Browning alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1879, na kiwanda cha Winchester kikauingiza sokoni mwaka 1885. Askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani waliingia vitani mwaka 1914 wakiwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja, ambayo moshi wake mzito uliwafichua kwa adui. Bunduki za magazini, zinazobeba risasi kadhaa kwa pamoja, zilipoenea, ilionekana kama habari ya risasi moja imekwisha. Lakini mwaka 1967 kiwanda cha Ruger cha Marekani kilileta bunduki mpya iliyofuata nyayo za Farquharson, wawindaji wakaipokea kwa mikono miwili.

Mtambo wenyewe si mgumu kuueleza. Chini ya kifyatulio kuna wenzo. Ukiuvuta chini, kipande kizito cha chuma kilichoziba nyuma ya mtutu huteremka katika njia yake ya wima, ganda lililotumika huvutwa nje, na chemba hubaki wazi machoni pako na machoni pa mwenzako. Ukiingiza risasi nyingine na kuurudisha wenzo, kipande kile hupanda na kuziba, kikiwa kimebanwa na kuta za chuma pande zote mbili. Kwa kuwa hakuna komeo linalohitaji nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, bunduki yenye mtutu wa sentimita 66 inaweza kuwa na urefu wa jumla unaokaribiana na ule wa bunduki ya magazini yenye mtutu wa sentimita 56, na anayepita vichakani huiona faida hiyo mapema. Mitambo ya kale hupenda zaidi risasi ambazo ganda lake lina ukingo unaojitokeza mwishoni mwake, kwa sababu kivuta-ganda hupata mahali pa kushika, hata risasi ya .375 ya kampuni ya Kiingereza ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, ilitoka kwa sura mbili, moja ya bunduki za magazini na nyingine yenye ukingo kwa ajili ya bunduki za aina hii na zile za mitutu miwili.

Hilo la chemba kuwa wazi machoni lina uzito kwangu kuliko sifa nyingine yoyote. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona ziwa letu kutokea hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na ambaye ghuba iliyo kaskazini-mashariki ya mji huu bado inaitwa kwa jina lake, hakuuawa na simba wala homa. Alifariki kwao Uingereza tarehe 15 Septemba 1864, kwa bunduki yake mwenyewe, alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, na bunduki hiyo haikuwa na kizuizi cha usalama. Anayewinda kwa risasi moja, akifika kwenye korongo, ua au mtumbwi, huteremsha wenzo, hutoa risasi na kuitia mfukoni, na kila aliye naye huona kwa macho kwamba bunduki ni tupu. Sijui njia iliyo rahisi zaidi ya kumfundisha kijana usalama wa silaha.

Kuhusu uwindaji wenyewe nitasema machache. Anayejua kwamba risasi ya pili itamchukua sekunde kadhaa hulazimika kunyata hadi awe karibu, kungoja mnyama ageuke ubavu, na kuacha kabisa akiwa hana hakika. Wanyama wanaojeruhiwa na kupotelea porini hupungua kwa mwindaji wa namna hiyo. Hata hivyo simshauri mwindaji bingwa anayemlinda mgeni mbele ya nyati aliyejeruhiwa ashike bunduki ya risasi moja. Huyo anahitaji risasi ya pili bila kuchelewa, na kujifanya vinginevyo ni kuhatarisha roho za watu.

Sasa nije kwenye mbao, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Watu wengi hudhani bunduki ya kale hupendeza kwa sababu ya nakshi zilizochorwa kwenye chuma. Nakshi ni nyongeza tu. Bunduki ya mtindo huo hupendeza kwa vipimo vyake: kitako chembamba kisicho na manundu, mstari wa juu uliokaribia kunyooka, shingo inayojaa kiganja bila kukilazimisha, na mbao ya mbele iliyo nyembamba kiasi kwamba mkono wa kushoto unausikia mtutu. Umbali kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kwa watu wengi, ni kati ya sentimita 34 na 36, na fundi hupaswa kumpima mwenye bunduki mabega, shingo na urefu wa mkono kabla hajagusa msumeno. Baada ya hapo humwambia afumbe macho, aipandishe bunduki begani, kisha afumbue. Akilazimika kusogeza kichwa ili avione vilengeo, kitako hakijamfaa.

Kwa zaidi ya karne moja mafundi wa Ulaya wametumia mjozi, mti uitwao walnut kwa Kiingereza, na wana sababu nzuri. Lakini sisi tuna mninga. Uzito wa mninga mkavu ni takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, karibu sawa kabisa na mjozi wa Ulaya, na ukishakauka vizuri hautanuki wala kusinyaa sana kadiri hewa inavyobadilika. Sifa hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa kwetu tunaoishi kando ya ziwa, ambako vuli na masika huijaza hewa unyevu na kiangazi huukausha. Mbao ya mbele ikivimba na kuusukuma mtutu, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, risasi huhama kutoka pale ilipokuwa ikipiga mwezi uliopita, na mwenye bunduki hulaumu vilengeo. Fundi mwenye uzoefu huacha nafasi ndogo kati ya mbao hiyo na mtutu, au huhakikisha vinagusana mahali pamoja tu anapopajua.

Mninga una ukaidi wake, nami sitauficha. Nyuzi zake hupishana, tabaka moja likielekea huku na linalofuata likielekea kule, kwa hiyo anayechonga kwenye shingo ile mistari inayokatizana ili mkono usiteleze hana budi kuiachanisha kidogo kuliko ambavyo angefanya kwenye mjozi, la sivyo vijialmasi vinavyotokea kati ya mistari hubanduka. Vumbi lake huwasha pua na kubana vifua vya baadhi ya watu, na fundi asiyevaa barakoa ataijutia kazi hii. Zaidi ya hayo, si kila ubao wa mninga unaofaa. Shingoni, mahali kitako kilipo chembamba na mshtuko wa risasi unapopita, nyuzi lazima zifuate mkondo wa shingo yenyewe. Maua na mawimbi mazuri ya mbao yabaki nyuma, kwenye sehemu pana, ambako hayawezi kusababisha ufa. Kwa ncha ya mbao ya mbele, ambayo Waingereza waliitengeneza kwa pembe nyeusi au mti mweusi, tuna mpingo wa Lindi na Kilwa, mti unaozama majini kwa uzito na unaotafutwa duniani kote kwa ajili ya zumari za kisasa. Mkia wa mbao unaobaki baada ya kazi nyingine unatosha kwa ncha kadhaa. Bila shaka mbao zote hizo ziwe zimevunwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Nilipoingia karakanani nilimkuta fundi amewasha koroboi, taa ile ile ya bati iliyoupa mtaa wetu wa Makoroboi jina lake. Alikuwa akipitisha sehemu ya nyuma ya mtambo juu ya moshi hadi chuma kikafunikwa na masizi membamba. Kisha alikisukuma chuma hicho ndani ya tundu alilolichonga kwenye mninga, akakigonga mara moja kwa nyundo ya ngozi, akakitoa. Kila mahali mbao ilipogusana na chuma palibaki doa jeusi, naye akaliondoa doa hilo kwa patasi, unyoya mwembamba kuliko karatasi, akarudia tena moshi, nyundo, patasi. Nilimuuliza kama kazi itakwisha kabla ya jioni. “Mzee, bado inagusa upande mmoja tu,” alinijibu bila kuinua kichwa. “Ukiichukua hivi itapasuka risasi za mwanzo mwanzo.” Alikuwa sahihi kabisa. Mshtuko wa kila risasi huisukuma mbao nyuma, na ikiwa chuma kimeegemea upande mmoja, upande huo hubeba mzigo wote hadi unapasuka. Uso mzima wa mbao unaopokea chuma lazima uguswe kwa usawa, huku ule mkia mwembamba wa chuma unaopita juu ya shingo ukiachiwa upenyo kidogo nyuma yake ili usigeuke kabari. Kijana huyu hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi kujifunza kazi hii. Alianza kwa kutengeneza makabati na milango.

Kumalizia mbao ni kazi ya uvumilivu zaidi ya nguvu. Baada ya msasa, mbao hulowanishwa kidogo ili nyuzi zilizolala zisimame, zikikauka husuguliwa tena, kisha hupakwa mafuta ya kitani tabaka moja jembamba kwa wakati mmoja, yakisuguliwa kwa kiganja hadi kiganja kipate joto, na vitundu vya mbao hujazwa kwa unga wa mbao ile ile uliochanganyika na mafuta. Vanishi ya kung’aa ya madukani humaliza kazi kwa saa chache, lakini ikikwaruzwa na miiba haitengenezeki bila kubanduliwa yote, wakati kitako cha mafuta hupakwa tone jingine na mkwaruzo ukapotea.

Upande wa chuma nitaupita haraka kwa makusudi. Rangi nyeusi ya mtutu wa kale hutokana na kutu inayoachwa ijitokeze, ikachemshwa katika maji hadi iwe nyeusi, ikapigwa brashi, na kurudiwa mara nyingi. Zile rangi za buluu na kahawia kwenye mtambo hutokana na chuma kuchomwa ndani ya sanduku pamoja na mifupa na mkaa, kisha kuzamishwa majini. Uchomaji huo hubadilisha ugumu wa chuma kinachozuia nguvu ya risasi usoni mwa mtu, na sitaki kuuona ukijaribiwa na yeyote asiye na kiwanda, vipimo na leseni. Mtutu na mtambo wa bunduki yangu vimetoka nje vikiwa na mhuri wa majaribio, vikaingia nchini kwa kibali, na havitaguswa na tupa ya seremala.

Hapo ndipo ninapotaka wenye mamlaka wanisikilize. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha bila leseni, na sitaki hata nukta moja ya katazo hilo ilegezwe. Ninachoomba ni kwamba kazi ya vitako, iliyo kazi ya mbao tupu, itambuliwe kuwa fani: ifundishwe kama kozi fupi kwa maseremala waliokwisha kufuzu katika chuo cha ufundi stadi cha VETA hapa Mwanza, wanaofaulu wachunguzwe na polisi kama anavyochunguzwa mwombaji wa silaha, na wafanye kazi ndani ya karakana zenye leseni pekee, ambako bunduki huandikwa kwenye daftari inapoingia na inapotoka. Taasisi ya Wanyamapori ya Pasiansi, inayowafunza askari wanyamapori katika mji wetu tangu miaka ya 1960, ingeweza kuwa mteja wa kwanza, kwa maana bunduki yenye kitako kinachomfaa askari mfupi au mrefu humsaidia kulenga, na kitako kilichopasuka shingoni huifanya bunduki nzima iwekwe stoo.

Nimeambiwa na muuzaji mmoja wa silaha, nisiyetaka kumtaja, kwamba kitako kama changu hakiwezi kutengenezwa nchini na kwamba niagize cha plastiki au niipeleke bunduki Ulaya. Nilisikitika, kwa sababu mwambao huu una historia tofauti na hiyo. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionesha kwamba wahunzi wa upande wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma cha kaboni miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita, wakiipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye makaa. Watu wa ziwa hili walijua kutii vipimo vya moto muda mrefu kabla Farquharson hajazaliwa, na sioni kwa nini wajukuu wao washindwe kutii vipimo vya mbao.

Najua atakayejibu kwamba kumfundisha mtu kitako ni kumfundisha nusu ya bunduki. Jibu langu ni kwamba jangili hahitaji kitako kinachokaa sawa. Gobore hufungwa kwa waya na mpira wa baiskeli kwenye gogo lolote, na kinacholifanya liue ni bomba na baruti, vitu ambavyo fundi ninayemtetea havigusi. Anayetaka kupambana na magobore aelekeze nguvu kwenye baruti na mabomba hayo.

Mwisho, namwalika mwandishi wa makala ile aje Mwanza, kwa ridhaa ya mwenye karakana na kwa taarifa ya polisi, aone kazi hii ikifanyika na asome vibali vyangu vyote kimoja baada ya kingine. Kitako hakijapakwa mafuta bado, kwa hiyo akija kabla ya mvua za vuli atazikuta alama za patasi zikiwa wazi.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza